Dar hadi Mwanza kwa ndege: kilomita ngapi, na masaa mangapi angani?

Mwenda_Sengerema

Habari zenu wakuu. Ijumaa ijayo kuna kikao Sengerema mjini saa nane mchana, na safari inaanzia Dar siku hiyo hiyo. Naomba wanaojua haya mambo wanisaidie mawili.

Kwanza umbali. Ramani moja ya simu inasema Dar hadi Mwanza ni kilomita 850, nyingine inasema 1,140, na kuna mahali nimeona 1,220. Ipi ni sahihi?

Pili muda. Siku hiyo kuna ndege tatu zenye nafasi. Ya kwanza imeandikwa 06:15 – 07:40. Ya pili 07:00 – 10:00, inapitia KIA (uwanja wa Kilimanjaro). Ya tatu 10:20 – 12:25, haisimami popote. Uwanja wa kuondokea ni mmoja na wa kufikia ni mmoja, sasa iweje moja itumie saa moja na dakika 25, nyingine saa mbili na dakika tano, nyingine saa tatu nzima?

Mbili za kwanza nimeziweka pembeni kwa sababu ni za mchana, zitanichelewesha. Naelekea kulipia hiyo ya tatu, nitakuwa Mwanza kumi na mbili na nusu asubuhi na nitapata muda wa kupumzika kabla ya kuvuka kwenda Sengerema. Kuna ubaya wowote?

---

Kipimo

Namba zote tatu ni sahihi, ila kila moja inapima kitu chake. 850 ni mstari ulionyooka angani kutoka uwanja hadi uwanja. 1,140 ni barabara ya Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga. 1,220 ni reli, kwa sababu reli inashuka hadi Tabora kwanza ndipo inapanda kaskazini kwenda ziwani.

Hiyo 850 unaweza kuihakiki mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Uwanja wa Julius Nyerere uko nyuzi 6.88 kusini na 39.20 mashariki. Uwanja wa Mwanza uko 2.44 kusini na 32.93 mashariki. Toa latitudo: 6.88 kutoa 2.44 unapata 4.44. Nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111, kwa hiyo Mwanza iko kilomita 493 kaskazini ya Dar. Toa longitudo: 39.20 kutoa 32.93 unapata 6.27. Nyuzi za longitudo husinyaa kadiri unavyoenda mbali na ikweta, ila hapa kwetu tuko karibu nayo, unazidisha kwa 0.997 tu halafu kwa 111, unapata kilomita 694 magharibi. Sasa 493 mara yenyewe, jumlisha 694 mara yenyewe, tafuta kipeuo cha pili: inatoka 851.

Marubani hawatumii kilomita, wanatumia maili za baharini, moja ikiwa kilomita 1.852. Kwa hiyo ukisikia mtu wa anga anasema Dar–Mwanza ni 460, anasema kitu kile kile.

Njia hii ya kukokotoa inafaa kwa miji ya kwetu ambayo haijaachana sana. Usiitumie kwa Dar na London, itakudanganya, maana kwenye umbali mrefu mviringo wa dunia hauwezi kupuuzwa.

---

Mdau_wa_Anga

Kipimo amemaliza la umbali. Mimi niingie kwenye muda.

Usigawanye kilomita kwa kasi ukadhani umepata jibu. Muda ulioandikwa kwenye tiketi hauanzi ndege inapoacha ardhi. Unaanza inapotoka kwenye maegesho na kuisha inapoegeshwa upande wa pili. Pale Dar, kutembea kutoka jengo hadi mwanzo wa barabara ya kurukia na kusubiri zamu vinakula dakika kumi hivi, na ukikuta ndege mbili mbele yako zinazidi. Mwanza uwanja hauna msongamano, dakika tano zinatosha.

Halafu inakuja aina ya ndege, na hapa ndipo tofauti yako ya 06:15 na 10:20 ilipo. Jeti kama Airbus A220 ikishatulia juu inakwenda kama kilomita 830 kwa saa. Kwa kilomita 850 ungesema saa moja, lakini inapopanda na inaposhuka haiko kwenye kasi hiyo, kwa hiyo angani inakaa kama saa moja na dakika kumi. Ongeza ya ardhini, ndiyo hiyo saa moja na dakika 25. Pangaboi, yaani ndege ya mapanga, ya ATR inakwenda kama kilomita 510 kwa saa, kwa hiyo safari hiyo hiyo inachukua saa mbili na dakika chache. Kati ya hizo mbili iko Dash 8-400, nayo ni pangaboi lakini ina mbio, kilomita 650 hivi kwa saa, weka saa moja na dakika 40 hadi 45. Kwa hiyo ukiona Dar–Mwanza bila kituo imeandikwa zaidi ya saa mbili, karibu kila mara ni ATR. Pangaboi haina ubaya wowote kwa usalama, ni mwendo tu, na inaruka chini zaidi, futi 17,000 hadi 20,000. Mchana wa masika mawingu yenye mvua yanakuwa pale pale inapopita, kwa hiyo mtikisiko utausikia zaidi.

Upepo nao una mkono wake. Huku kwetu karibu na ikweta upepo wa juu mara nyingi unatoka mashariki, unaisukuma ndege inayokwenda Mwanza na kuizuia inayorudi. Upepo wa kilomita 37 kwa saa unampa mwenye jeti tofauti ya dakika tano tu kati ya kwenda na kurudi, ila kwa ATR tofauti inafika dakika 15. Ndiyo maana kwenye ratiba ya pangaboi kurudi Dar kunaweza kuandikwa kurefu kuliko kwenda.

Kuna jambo moja watu wa Mwanza wanaliona bila kujua sababu yake. Kuna siku ndege inatua moja kwa moja, na kuna siku inapita, inakwenda juu ya ziwa, inageuka ndipo inatua. Barabara ya kurukia ya Mwanza imelala kusini-mashariki kwenda kaskazini-magharibi, karibu sawa kabisa na mstari wa kutoka Dar. Ndege hutua ikiutazama upepo. Mchana upepo ukitoka ziwani, rubani anakuja mbele kwa mbele na kutua. Alfajiri upepo ukitoka bara kwenda ziwani, inabidi azunguke aje kwa upande wa maji. Mzunguko huo ni dakika tano hadi nane. Haina maana kuna hitilafu.

La KIA sasa. Watu wengi wanadhani kupitia KIA ni kuzunguka sana. Siyo. Dar–KIA ni kilomita 450 na KIA–Mwanza 470, jumla 920, yaani unaongeza kilomita 70 tu juu ya mstari ulionyooka. Kinachokula muda ni kushuka hadi chini, kushusha abiria, kupakia, kujaza mafuta ikibidi, na kupanda tena kutoka sifuri. Hiyo ndiyo saa moja na nusu unayoiona. Kupitia Dodoma ni hivyo hivyo, jumla ni kilomita 910 hivi.

---

Nyanza_Njema

Ndugu Mwenda_Sengerema, usilipe kwanza. Umesoma saa za tiketi kwa Kiswahili, na tiketi haziandikwi hivyo.

Tiketi huhesabu saa kuanzia saa sita usiku. 06:15 ni saa kumi na mbili na robo asubuhi, siyo saa sita na robo mchana. 07:40 ni saa moja na dakika arobaini asubuhi. Na hiyo uliyoichagua, 10:20 – 12:25, inaondoka saa nne na dakika ishirini asubuhi na kufika saa sita na dakika ishirini na tano mchana. Hutakuwa Mwanza alfajiri.

Kanuni ya kugeuza: namba ya tiketi ikiwa 7 hadi 12, toa sita. Ikiwa 13 hadi 18, toa kumi na mbili halafu ongeza sita, yaani 14:00 ni saa nane mchana, hiyo ndiyo saa ya kikao chako. Ikiwa 19 hadi 23, toa kumi na nane: 20:50 ni saa mbili na dakika hamsini usiku. Zilizobaki, 00 hadi 06, ongeza sita. Na hizi za 00 zina mtego wa tarehe. Ndege ya 00:40 Jumapili inaondoka usiku wa kuamkia Jumapili, kwa hiyo uwanjani unafika Jumamosi saa nne usiku. Atakayekwenda Jumapili usiku ataambiwa ndege iliondoka usiku uliopita.

Sasa hesabu za siku yako, tuanzie mwisho tukirudi nyuma. Kikao saa nane. Uwanja wa Mwanza uko kaskazini ya jiji, kama kilomita kumi kutoka katikati, na Sengerema iko upande wa pili wa Ghuba ya Mwanza. Utapita Pasiansi, Kirumba, mjini, Mkuyuni, Buhongwa, hadi Usagara, pale unaiacha barabara ya Shinyanga na kukata kulia kwenda Kigongo. Tangu Daraja la JPM lifunguliwe Juni 2025 huna haja ya kusubiri tena kivuko cha Busisi. Kilomita tatu za daraja unazimaliza kwa chini ya dakika nne hata ukienda mwendo wa 50. Kinachochelewesha sasa ni kulivuka jiji lenyewe. Mimi ningeweka saa mbili kamili kutoka geti la uwanja hadi Sengerema mjini kwa gari la kukodi, na nusu saa ya kushuka na kuchukua begi.

Ndege ya 12:25: ongeza nusu saa, ongeza saa mbili, unafika saa tisa kasoro dakika tano. Kikao kitakuwa kimeanza karibu saa nzima iliyopita.

Ya 10:00 kupitia KIA: unafika Sengerema saa sita na nusu mchana. Inawezekana, una akiba ya saa moja na nusu.

Ya 07:40: unafika kama saa nne na robo asubuhi. Chukua hiyo. Sababu si mapema peke yake. Ndege ya kwanza ya siku kwa kawaida imelala Dar, haitegemei kuwasili kutoka mkoa mwingine. Ndege ya saa nne asubuhi mara nyingi imeshafanya safari nyingine, na kila dakika iliyopotea huko nyuma unairithi wewe.

Jambo dogo la nyongeza kwa anayefunga au kufuatilia vipindi vya swala. Dar na Mwanza saa ni moja lakini jua si moja. Mwanza iko nyuzi 6.27 magharibi, na kila nyuzi ni dakika nne, kwa hiyo jua linazama Mwanza kama dakika 25 baada ya Dar. Desemba tofauti inapungua kidogo, Juni inaongezeka. Usitumie kalenda ya futari ya Dar ukiwa kanda ya ziwa.

---

Mwenda_Sengerema

Nyanza_Njema, Mungu akubariki. Nilikuwa nabonyeza kulipa. Nimekwenda kuangalia ya 06:15, zimebaki nafasi chache, nachukua sasa hivi.

Maswali ya mwisho. Kwa ndege ya saa kumi na mbili na robo, niwe uwanjani saa ngapi, nikitokea Kimara? Na kama ikifutwa ghafla, kuna njia nyingine ya kuwahi? Kurudi nina Jumamosi saa mbili na dakika hamsini usiku, na nimeagizwa sato. Wanaruhusu?

---

Mdau_wa_Anga

Kaunta za safari za ndani kwa kawaida hufungwa dakika 40 au 45 kabla ya muda wa tiketi, kwa hiyo weka akilini kwamba mlango wako halisi ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Fika saa kumi na robo. Kutoka Kimara ondoka saa tisa usiku, barabara iko wazi na hutaona foleni ya Nyerere Road, ila dereva mwagize tangu jioni na namba yake uwe nayo, kwa sababu kwenye programu za teksi saa hizo magari ni machache. Soma kwenye tiketi ni jengo la ngapi. Jengo la tatu liko mbali na la pili, mtu mwenye mabegi akishushwa penye jengo lisilo lake anapoteza robo saa.

Kama unasafiri na begi dogo tu, jisajili kwa simu usiku wake. Hutapita kaunta, unaenda moja kwa moja kwenye ukaguzi.

Kiti omba cha dirishani kushoto. Ndege ikifuata mstari ulionyooka, baada ya Kondoa utaona Mlima Hanang umesimama peke yake kwenye uwanda, kama kilomita 20 tu kutoka ulipo. Upande wa kulia, mbele kidogo, ni Ziwa Eyasi, jeupe kwa magadi wakati wa kiangazi. Dakika chache mbele, mkiwa maeneo ya Meatu, utasikia injini zinapunguza sauti: ndipo mnaanza kushuka, zimebaki kama kilomita 180. Rubani anahesabu maili tatu za baharini kwa kila futi elfu moja za kupunguza, na uwanja wa Mwanza wenyewe uko futi 3,763 juu ya bahari, kwa hiyo hashuki hadi sifuri.

---

Barabara_Kuu

La ndege kufutwa. Ikifutwa asubuhi ya Ijumaa, gari halitakuwahisha, usilifikirie. Basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na 1,140 ukigawa kwa 80 ni saa 14 na robo bila kusimama hata mara moja. Ukiweka mizani, vituo na chakula ni saa 16 hadi 18. Dawa ni kuulizia ile ya kupitia KIA papo hapo, kabla abiria wenzako hawajaijaza.

Lakini ukipata taarifa Alhamisi mchana, basi linawezekana. Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kutembea usiku. Panda Mbezi pale Magufuli saa tisa alasiri, na usiende nalo hadi Nyegezi. Mwambie kondakta akushushe Usagara. Basi linapita Usagara kabla ya kuingia Mwanza mjini, na pale pale njia panda ndipo yanapopita magari ya Sengerema na Geita. Watu wanaokwenda hadi Nyegezi halafu wanarudi Usagara wanaipita njia moja mara mbili.

Treni ya SGR (reli ya kisasa) kwa sasa inakufikisha Dodoma kwa saa tatu na nusu hadi nne, ila kutoka Dodoma bado una kilomita 690 za basi. Inapunguza uchovu, haipunguzi muda kiasi cha kukuokoa.

---

Nyanza_Njema

Sato wanaruhusu, kama mzigo wa kukabidhi, siyo wa mkononi. Kinachokataliwa ni maji kuvuja. Boksi likidondosha tone kwenye mizani linarudishwa hapo hapo.

Nunua mapema Jumamosi, watolewe magamba na matumbo, wagandishwe angalau saa sita wawe wagumu kama jiwe. Mmoja mmoja kwenye mfuko wake, halafu wote kwenye mfuko mmoja mzito uliofungwa kwa fundo. Boksi la foamu jeupe lenye kifuniko, gazeti kavu chini na juu ili linyonye unyevu, na gundi ya utepe pande zote. Usiweke barafu ya kumwaga. Ukitaka baridi ya ziada gandisha chupa mbili za maji za nusu lita, zikiyeyuka maji yanabaki ndani ya chupa. Kumbuka hizo chupa zina uzito wa kilo moja kwa pamoja, na kilo zako za mzigo zimeandikwa kwenye tiketi, mara nyingi 23 kwa daraja la kawaida, samaki na begi la nguo pamoja.

Angalia pia ndege ya kurudi ni aina gani. Kama ni ATR, sehemu ya mizigo ni ndogo, na ndege ikijaa mzigo unaozidi kilo unaweza kuachwa uletwe na ndege inayofuata. Nguo zinaweza kusubiri hadi Jumapili mchana. Samaki hawasubiri. Kwa hiyo usizidishe kilo hata moja, na boksi libandike karatasi yenye jina, namba ya simu na neno SAMAKI kwa herufi kubwa, wapakiaji wakilisoma hawaliweki chini ya masanduku.

Ukifika uwanjani Mwanza saa kumi na mbili jioni kwa ndege ya 20:50 utakuta kaunta haina watu, na ukiambiwa boksi linahitaji kufungwa upya utakuwa na muda.